Kutembelea Magofu ya Kilwa Kisiwani: Mwongozo wa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Maswali ni yale yale kila msimu. Kibali kinakatwa wapi? Boti inavuka kwa muda gani? Siku moja inatosha? Na kwa nini wengine hurudi wakisema "tumeona ngome tu"? Hilo la mwisho ndilo linalosikitisha. Ukivuka kutoka Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo upande wa bara, jengo la kwanza kulikuta ni Gereza, yaani hiyo ngome, nalo ni miongoni mwa majengo machanga kabisa kisiwani. Ukiishia hapo umeona mlango ukaacha nyumba. Fuata mpangilio huu nawe utauona mji mzima, kuanzia siku za neema hadi siku za kuvunjika kwake.

Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Kitambulisho. Kiingilio cha Mtanzania, cha raia wa Afrika Mashariki na cha mgeni wa nje havilingani, na mwenye ofisi hawezi kukupa kiwango cha mwananchi kwa kuangalia sura.
- Simu yenye chaji na pesa ndani yake. Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo. Unalipa kwa simu au benki.
- Fedha taslimu, noti ndogo ndogo, kwa ajili ya boti, kiongozi na madafu. Toa pesa ukiwa Masoko, kwa sababu ukishavuka hakuna benki.
- Maji ya kunywa, lita 2 kwa mtu mzima, na kitu cha kutia tumboni.
- Viatu vya aina mbili: raba za kutembelea kwenye mawe, na viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma vya kukanyagia maji. Ndara hazifai. Tope la mikoko huzivua mguuni, na chini yake kuna mawe ya matumbawe yanayokata.
- Kofia pana, pamoja na khanga au kikoi. Kisiwani ni kijiji cha Waislamu, watu wako kwenye shughuli zao. Mabega na magoti yafunikwe.
- Mfuko usiopitisha maji kwa simu na kitambulisho.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba: mvua imekwisha na njia ni kavu. Kusi huvuma miezi hiyo, kwa hiyo bahari huchafuka zaidi mchana kuliko asubuhi. Masika ya Machi hadi Mei yaepuke kama una hiari.

Hatua 1. Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Wengi huchagua Jumamosi wakadhani kazi imekwisha. Katika pwani hii, anayepanga ratiba ni maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana alfajiri kuanzia kama saa kumi, yakapwa sana saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha yakajaa tena jioni. Maana yake ni kwamba ukitoka hotelini saa nne siku ya bamvua, utashushwa mbali na ufuko na utatembea kwenye maji na tope ukiwa na mzigo kichwani. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, boti husogea karibu, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kwa mgeni, siku za maji mafu ndizo rahisi. Ikiwa nafasi yako imeangukia bamvua, vuka mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, kabla maji hayajatoka. Kila siku inayopita, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana habari ya juzi haikufai leo. Muulize nahodha jioni ya kuamkia safari.

Hatua 2. Fika Masoko jioni ya siku iliyotangulia

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 300 na ushee kwa barabara ya kusini: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, kisha Nangurukuru. Basi huchukua saa tano hadi sita likienda vizuri. Yapo yanayofika Masoko moja kwa moja. Ukipanda la Lindi au Mtwara, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Nangurukuru, kisha utafute gari dogo la kwenda Masoko.

Usijaribu kutoka Dar alfajiri ukatarajia kuvuka siku hiyo hiyo. Utafika mchana, ofisi inakaribia kufungwa, upepo umepanda, nawe umechoka. Lala Masoko, na chandarua kishushwe.

Hatua 3. Kata kibali kabla ya kwenda ufukweni

Magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kibali hukatwa Masoko, upande wa bara. Nenda na kitambulisho, taja idadi yenu, pokea namba ya malipo, lipa, na uhakikishe umepewa stakabadhi. Piga picha ya stakabadhi hiyo, maana karatasi hulowa.

Hapo hapo omba kiongozi. Usimwone kama gharama ya kukwepa. Vijia vya kisiwani hupita katikati ya mashamba na nyua za watu, na magofu mengi hayana bango la maana. Msikiti wa Jangwani, kwa mfano, umejificha kwenye vichaka kiasi kwamba unaweza kuupita hatua 20 bila kujua. Mweleze kiongozi tangu mwanzo kwamba unataka kufika Husuni Kubwa. Usiposema, ziara huweza kufupishwa ikaishia maeneo ya karibu na Gereza.

Hatua 4. Patana na nahodha mambo manne

Kabla ya kukanyaga chombo, mkubaliane: bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa; ni kwenda na kurudi; nahodha atasubiri au atarudi saa ngapi; na maboya ya kujiokolea yapo kwa kila abiria. La nne lione kwa macho, kila mtu avae lake. Mlango wa bahari pale ni mwembamba, kilomita 2 hivi. Boti ya mashine huvuka kwa robo saa; dau la tanga hutegemea upepo, laweza kuchukua dakika 20 au mara mbili yake.

Lipa nusu ukienda na nusu ukirudi. Huo ni utaratibu wa kawaida na hauvunji heshima ya mtu.

Hatua 5. Ukishuka, salimia kwanza

Mtu mzima mpe shikamoo yake. Ukikatiza uwani, piga hodi. Usimpige mtu picha bila kuomba, hasa kina mama walio kazini. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu mchana. Tafuta kivuli kando.

Hatua 6. Pita Gereza, nenda Husuni Kubwa

Hapa tunatofautiana na ratiba ya kawaida. Husuni Kubwa iko mashariki, kilomita moja na nusu hivi kutoka Gereza, na ikiwa juu ya genge linaloangalia bahari haina kivuli cha maana. Uende huko jua likiwa bado changa. Saa za joto utakuwa umerudi mjini penye miti.

Ni kasri iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wakati huo Kilwa ilikuwa imeshika biashara ya dhahabu iliyopandishwa pwani kutoka Sofala, katika Msumbiji ya leo. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani huyo akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Sarafu yenye jina lake imeokotwa Zimbabwe Kuu, ndani kabisa ya bara. Kuwa na hayo kichwani unapoingia, maana kuta zenyewe ni fupi sasa na hazijisemei.

Tafuta vitu vitatu. Kwanza ni bwawa la pembe nane, lililochimbwa na kujengwa kwa ustadi upande wa baharini. Simama ukingoni uhesabu pembe zake. Pili ni uwanja mpana wa kusini uliozungukwa na vyumba vilivyopangwa kwa safu, vinavyodhaniwa kuwa vya bidhaa. Tatu ni upana wa vyumba vya kuishi. Pima kwa hatua: karibu vyote ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, hata urefu uwe mkubwa namna gani. Fundi hakukosa nafasi. Paa zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haistahimili uzito wa dari la mawe na chokaa ikizidi urefu huo. Ukishalijua hilo utaitambua nyumba ya mawe ya Waswahili popote, Kilwa, Lamu au Unguja.

Husuni Ndogo iko ng'ambo ya korongo dogo. Ni ukuta wa mstatili wenye minara, na wataalamu hawajakubaliana ulikuwa wa kazi gani. Kama jua limeshakali, itazame kwa mbali tu.

Tahadhari: usisogee ukingoni mwa genge kutafuta picha. Bahari huila ardhi kwa chini, na juu huonekana nzima.

Hatua 7. Rudi mjini, ukae Msikiti Mkuu

Tenga saa nzima. Kama una muda wa jengo moja tu kisiwani, liwe hili.

Ingia ukiwa na swali moja: wapi ni pa zamani, wapi ni pa nyongeza? Kutoka Kilwa, Makka iko kaskazini, kwa hiyo kibla kimo katika ukuta wa kaskazini. Sehemu ya kaskazini, ndogo, ndiyo msikiti wa awali wa karne ya 11 au 12, na paa lake lilikuwa bapa. Sehemu kubwa ya kusini, yenye misitu ya nguzo na kuba, iliongezwa baadaye. Nyongeza ya zama za al-Hasan bin Sulaiman ilibomoka, na nguzo na kuba nyingi unazoziona leo zilijengwa upya karne ya 15. Simama mpakani mwa sehemu hizo mbili utazame juu kisha chini. Utaona jinsi mafundi walivyohangaika kuunganisha paa la namna moja na la namna nyingine.

Kisha sogeza uso karibu na nguzo moja ya pembe nane bila kuigusa. Ndani ya jiwe utaona vijitundu vya matumbawe, kama sega la nyuki. Mawe ya kuta ni matumbawe magumu ya nchi kavu; mapambo ya kibla yalichongwa kwenye matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, maana yakikauka hukaza. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Jengo zima, ukiacha boriti, asili yake ni bahari ile uliyovuka asubuhi.

Nje, penye kisima na birika la kutawadhia, angalia mawe ya mviringo yaliyowekwa sakafuni kwa ajili ya kusugulia miguu.

Hatua 8. Msikiti mdogo wa kuba

Ni mwendo mfupi kutoka Msikiti Mkuu, na ndio uliosalia vizuri kuliko mingine. Ni wa karne ya 15, wenye nguzo nne zinazoligawa paa sehemu tisa. Kuba ya katikati ina nguzo fupi ya pembe nane juu yake, kama kilemba. Ingia, acha macho yazoee giza, uinue kichwa: ndani ya paa walipachika mabakuli ya udongo yenye kung'aa, yaliyoletwa na majahazi. Mengine yametoka yakaacha duara tupu kwenye chokaa. Usimulike kwa tochi kali. Subiri dakika mbili, utaona vizuri zaidi.

Hatua 9. Makutani

Ni boma kubwa upande wa magharibi, karibu na mikoko, nalo ni la karne ya 18. Hapa hadithi inabadilika. Masultani wa zama hizi hawakuwa na dhahabu tena. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Viongozi wengine hulipitia jambo hili haraka. Omba mlizungumze hapo hapo, kwa utulivu, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa Kilwa ya baadaye.

Hatua 10. Malizia Gerezani

Sasa ngome ina maana. Neno gereza hapa ni ngome, si jela ya leo. Wareno waliivamia na kuiteka nyara Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome yao, wakaondoka mwaka 1512. Jengo unaloliona kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la mwaka 1800 hivi, likiwa juu ya mabaki ya lile la Wareno. Upande mmoja umeshaliwa na mawimbi. Uchunguze ule mlango wa mbao kwa karibu, kisha ukae kwenye kivuli chake kusubiri chombo.

Mzunguko wote, pamoja na kupumzika, huchukua saa nne hadi tano.

Makosa yanayojirudia

Kupanda juu ya kuta. Chokaa ya miaka 600 iliyonyeshewa kila masika haina nguvu ya kukubeba, na jiwe moja likichomoka hufungua njia ya maji na mizizi. UNESCO iliyaweka magofu haya katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikayaingiza katika orodha ya yaliyo hatarini, na yakatoka humo mwaka 2014 baada ya kazi ngumu ya ukarabati. Wanakijiji walishiriki kazi hiyo kwa mikono yao.

Kuokota vigae. Vimetapakaa kila mahali, vingine vya kijani cha China, navyo vinavutia. Viache. Kigae humwambia mtaalamu tarehe kwa sababu ya mahali kilipolala. Kikiwa mfukoni mwako kimenyamaza. Pia ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Kubeba droni bila kibali cha mamlaka husika. Hakuna wa kukupa ruhusa hiyo ukiwa ufukweni.

Kukanyaga makaburi. Mengine hayana jiwe la kusimama, ni kingo fupi tu kwenye majani. Fuata nyayo za kiongozi.

Mambo yakienda kombo

*Barabara imekatika.* Hutokea wakati wa mvua kubwa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga na magari yakakwama. Uliza kituoni kabla ya kulipa nauli, na wakati wa masika weka siku moja ya akiba.

*Malipo hayapiti.* Mara nyingi ni mtandao. Usirudie kulipa kabla ya kuuliza salio, utalipa mara mbili. Jaribu wakala au benki kwa namba ile ile ya malipo.

*Upepo umepanda na nahodha anasita.* Msikilize. Akisema tusubiri, subirini. Mara nyingi bahari hutulia asubuhi inayofuata. Kumtafuta mwingine aliye tayari kuvuka ni kutafuta balaa.

*Maji yametoka na chombo kimekaa mchangani.* Hakuna kulisukuma boti lililokaa. Rudini kivulini, maji yatarudi yenyewe. Ndiyo maana ya ile lita ya pili ya maji.

*Kuna mzee au mtoto asiyeweza mwendo mrefu.* Achaneni na Husuni. Gereza, Msikiti Mkuu na msikiti mdogo wa kuba viko karibu karibu. Nendeni siku ya maji mafu ili kushuka kuwe rahisi.

*Mmejikata kwa matumbawe.* Osheni kidonda kwa maji safi mengi mpaka chembe zote zitoke, mfunge, na mkifika Masoko mwende zahanati. Vidonda hivi huvimba haraka.

*Mnataka na kisiwa cha Songo Mnara.* Tengeni siku yake. Kiko mbali zaidi kusini, boti ya mashine huchukua saa moja na nusu au zaidi, na kushuka kwake ni kwa kutembea majini. Kuvibana viwili katika siku moja huishia kwa kuviona vyote nusu.

*Imebaki nusu siku na mko Masoko.* Chukueni gari hadi Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 ulioko njiani kurudi Nangurukuru. Misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikiishia hapo, kisha Wajerumani wakaweka boma lao. Mwaka 1895 walimnyonga hapo Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana nao. Ulizeni Mwembe Kinyonga. Mwenyeji yeyote atawaonyesha ulipokuwa.